Motokaa ya Zamani na Injini Iliyokwama

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

KWA KIONGOZI WA DARASA: Kabla ya somo, andika maneno haya ubaoni kwa herufi kubwa, kisha uwasomeshe wanafunzi mara 2: INJINI, SILINDA, PISTONI, RINGI, PLAGI, OILI. Kama mafundi wa jirani wana plagi kuukuu au pistoni iliyotupwa, iombeni muiweke mezani, kila mtu aishike kwa mkono wake. Maneno mapya, hesabu na maswali yako mwisho wa somo.

MWALIMU: Leo tutasoma habari za chuma. Tutakwenda kwa fikira mpaka Gerezani, jirani na soko la Kariakoo, hapa Dar es Salaam. Wenye magari wanakujua sana huko, maana ndiko wanakotafuta vipuri, vipya na vya mkono wa pili.

Katika nyua za mji wetu zimo motokaa za zamani zilizolala. Ipo Land Rover, ipo Volkswagen yenye mgongo kama wa kobe, ipo Peugeot 404. Hiyo 404 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na katika Afrika ya Mashariki ilipata sifa kubwa. Ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulipatikana kwa mikono ya Bert Shankland, dereva aliyekuwa akikaa Tanzania, pamoja na msaidizi wake Chris Rothwell. Basi si ajabu mtu kuona uchungu kuiuza gari ya namna hiyo iliyokuwa ya baba yake.

Lakini siku moja mtu huja, huifunua boneti, hujaribu kuizungusha injini, nayo haizunguki. Husema, "Hii imekwisha kufa. Uza kwa kilo, chuma chakavu." Je, ni kweli imekufa? Gari likiisha kukatwa vipande halirudi tena. Kwa hiyo yafaa kujua kabla ya kukata. Pamoja nami yupo fundi wa motokaa. Karibu, Bwana Fundi.

FUNDI: Ahsante, Mwalimu, nimekaribia. Hamjambo nyote?

Injini iliyokwama ni ipi?

MWALIMU: Tuanze na maana, Bwana Fundi. Mjini twasikia watu wakisema, "injini imenoki." Maana yake nini?

FUNDI: Neno hilo, Mwalimu, watu hulitumia kwa kila ugonjwa. Leo tuseme "imekwama", yaani haizunguki. Ndani ya injini mna matundu ya mviringo, nayo huitwa silinda. Motokaa nyingi za zamani zina silinda 4. Katika kila silinda mna pistoni, mfano wa kopo lililofudikizwa, inayopanda na kushuka. Pistoni imevikwa ringi za chuma, nazo hugusa ukuta wa silinda ili nguvu ya moto isipenye chini. Kila pistoni ina mkono wake uitwao konrodi. Mikono yote minne imeshika mhimili mmoja wenye makombo, nao huitwa krenki. Pistoni zikipanda na kushuka, krenki huzunguka.

MWALIMU: Kama miguu ya mpanda baiskeli inavyozungusha pedeli?

FUNDI: Ndivyo hasa. Sasa mfunge mpanda baiskeli mguu mmoja tu. Je, ule wa pili utaweza kuzungusha? Hauwezi. Injini nayo ni vivyo hivyo. Pistoni 1 ikishikwa, zote 4 zimeshikwa. Kwa sababu hiyo injini iliyokwama huenda ina ubaya mahali pamoja tu, napo ni padogo. Lakini mtu asiyejua hudhani injini nzima imeharibika.

Swali la kwanza

MWALIMU: Mgonjwa akifika hospitali huulizwa, "Ulianza kuumwa lini?" Wewe ukiletewa gari huuliza nini?

FUNDI: Nauliza neno moja kabla ya kushika spana: Injini hii ilikwama ikiwa imelala, au ilikwama ikiwa inakimbia? Jibu la swali hili ndilo litakaloonyesha njia. Njia ziko mbili, nazo hazifanani.

Tutazame kwanza injini iliyolala. Gari liliingia uani likiwa zima, kwa nguvu yake lenyewe. Likakaa mwaka, miaka 5, miaka 10. Injini inaposimama, baadhi ya valvu hubaki wazi, na hewa hupita mpaka ndani ya silinda. Hewa ya Dar es Salaam ni ya pwani, ina unyevu na chumvi. Masika huja Machi mpaka Mei, vuli huja Oktoba mpaka Desemba. Oili iliyokuwa ukutani hukauka au kushuka, na chuma hushika kutu. Nanyi mwajua, kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Basi ule mwanya mdogo uliopo baina ya ringi na ukuta hujaa kutu, na pistoni hushikwa kama kitasa cha mlango wa zamani. Injini ya namna hii mara nyingi huponyeka kwa subira na vitu vya bei ndogo.

Sasa tutazame injini iliyokwama ikikimbia. Hapa sababu kubwa ni mbili: oili au joto. Oili ikipungua, au pampu yake ikishindwa kuisukuma, krenki husaga beringi zake, chuma kwa chuma. Beringi huyeyuka na kushikamana na krenki. Dereva husikia kugonga, "ko, ko, ko", halafu kimya. Ama maji ya rejeta yakiisha, pistoni hupata moto kupita kiasi. Pistoni nyingi ni za aluminiamu, na aluminiamu hupanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha silinda. Pistoni huvimba mpaka ikakwaruza ukuta na kukaba. Injini ya namna hii haiponi kwa kumwagiwa dawa. Lazima ifunguliwe.

MWALIMU: Na gari lililoingiwa na maji ya mvua? Wasikilizaji wanakumbuka mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi, pale Jangwani, si mbali na Kariakoo.

FUNDI: Umenena vema. Maji hayashindiliki. Hewa waweza kuibana, lakini maji hayabaniki. Silinda ikijaa maji, pistoni hupanda na kugonga kama iliyogonga jiwe. Gari lililozama lisiwashwe kamwe kabla ya kutoa plagi na kumwaga maji. Mtu akiliwasha kwa haraka, konrodi hupinda, nayo hasara iliyokuwa ndogo huwa kubwa.

Labda si injini

MWALIMU: Haya, Bwana Fundi. Mwenye gari amejibu, "Ilikuwa imelala." Sasa waanza wapi?

FUNDI: Naanza kuhakikisha kwamba kweli ni injini. Mara nyingi injini husingiziwa. Fuateni hatua hizi kwa utaratibu.

Kwanza, betri. Betri ikiwa imekufa, au vichwa vyake vimeota unga mweupe na wa kijani, stata haizungushi kitu. Safisha vichwa, weka betri yenye nguvu, ujaribu tena. Ukisikia "ta!" moja tu halafu kimya, acha, usirudie rudie.

Pili, stata yenyewe. Stata ina kigia kidogo kinachouma meno ya gurudumu zito la injini. Pengine kigia kile huuma kisiachie. Zima swichi, weka gia kubwa, kisha watu wawili wautikise mwili wa gari mbele na nyuma kidogo kidogo. Kikiachia, mtasikia. Ama legeza boliti za stata uitoe kabisa. Ikiisha kutoka na injini ikazunguka, ugonjwa umejulikana.

Tatu, mkanda wa feni. Dainamo au pampu ya maji ikikwama, mkanda huzuia. Legeza mkanda, uzungushe kila kimoja kwa mkono.

Nne, gia. Hakikisha gia imetoka. Gari likikataa hata kusukumwa ilhali gia imetoka, huenda breki ndizo zilizoshika, wala si injini.

MWALIMU: Kumbe! Basi mtu aweza kuuza gari kwa kilo kwa sababu ya kigia cha stata?

FUNDI: Ndiyo maana nasema, uliza kwanza.

Kutazama bila kufungua

FUNDI: Baada ya hayo, tazama oili. Chomoa kijiti cha kupimia. Oili ikiwa nyeusi, hiyo ni kawaida ya oili iliyotumika. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imeingiwa na maji. Ikipita sana alama ya juu, huenda maji au petroli imeshuka humo. Legeza kidogo boliti ya chini ya sampu, ukinge kwa kopo. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo ndiyo hutoka kwanza. Na ukiona vipande vinavyong'aa kama magamba ya dagaa, hiyo ni beringi iliyosagika. Hapo usipoteze wakati, injini ifunguliwe.

Kisha toa plagi zote. Kabla ya kutoa, funga kila waya kikaratasi chenye namba: 1, 2, 3, 4. Hapa ndipo mtu aliyejifunza kuandika anapomshinda asiyejua. Katika Land Rover na Peugeot 404 plagi hupiga moto kwa mpango wa 1, 3, 4, 2. Ukichanganya waya, hata injini nzima haitawaka.

Plagi zikiisha kutoka, angaza kwa tochi ndani ya kila tundu. Usitumie kiberiti wala kibatari. Huenda mna mvuke wa petroli. Utaona silinda ipi ni safi na ipi ina kutu nyekundu. Andika katika daftari. Nazo plagi zisome: iliyo na kutu hutoka katika silinda yenye ugonjwa.

Sasa jaribu kwa mkono. Land Rover za zamani zina hendeli ya mbele. Swichi iwe imezimwa, na dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke hendeli, maana hendeli ikirudi nyuma huvunja kidole. Gari lisilo na hendeli, shika nati ya puli ya mbele kwa spana inayoenea sawasawa. Kama maji yalikuwa yamejaa ndani, yataruka kupitia matundu ya plagi na injini itazunguka. Simama kando, usiinamishe uso.

Dawa ya kutu ni subira

MWALIMU: Tuseme imejaribiwa, bado haizunguki, na ndani kuna kutu. Wako watu hufunga kamba, wakalivuta gari kwa lori likiwa ndani ya gia, ili injini izunguke kwa nguvu.

FUNDI: Mwalimu, hilo ndilo linaloua injini nyingi kuliko kutu. Lori lina nguvu isiyo na macho. Ringi za pistoni ni chuma kigumu lakini chepesi kuvunjika, kama sahani ya udongo. Zikivutwa ghafula zikiwa zimeshikwa na kutu, huvunjika, na vipande hukwaruza silinda. Ama konrodi hupinda, ama meno ya gia hukatika. Injini iliyohitaji chupa ya dawa sasa yahitaji kufunguliwa yote. Na kadhalika msitie bomba refu katika spana mkaninginia watu watatu.

MWALIMU: Basi dawa ni ipi?

FUNDI: Ni mafuta mepesi yanayopenya. Ziko dawa za kulegeza kutu zinazouzwa katika makopo kwenye maduka ya vipuri. Mafundi wengine huchanganya mafuta ya gia za otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Asetoni huuzwa kwa wauza rangi. Lakini tahadharini! Asetoni hushika moto upesi kama petroli, na mvuke wake hulevya. Fanyeni kazi nje penye hewa, sigara mbali, jiko la mkaa mbali. Asiye na hivyo aweza kutumia dizeli, au mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi. Hayo hufanya kazi polepole zaidi.

Mimina katika kila silinda kupitia tundu la plagi, kwa bomba la sindano na mrija mwembamba, mpaka kichwa cha pistoni kifunikwe. Usimimine katika ile yenye kutu peke yake, maana kwa tochi huoni yote. Ziba matundu kwa kitambaa safi, vumbi lisiingie. Andika tarehe. Kesho yake tazama: dawa ikiwa imeshuka, ongeza. Iache siku 3, siku 7, hata wiki 2 au 3.

Peugeot 404 ina jambo lake. Injini yake haikusimama wima. Imelazwa upande kwa nyuzi 45. Dawa ukiimimina tu, hukaa upande wa chini, na upande wa juu hubaki mkavu. Kwa hiyo elekeza mrija upande wa juu ili dawa iteremke ukutani, nawe urudie kila siku.

Kila baada ya siku chache shika spana. Sukuma kwa nguvu ya mkono, mbele kidogo, kisha rudisha nyuma kidogo. Huenda siku ya kwanza isisogee hata unywele. Siku ikisogea upana wa kucha, usishangilie ukaivuta yote. Simama. Ongeza dawa. Irudishe ilikotoka, kisha isogeze tena. Kutu ni kama mchanga: ukilazimisha pistoni juu yake, utakwaruza ukuta. Mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka krenki imalize mzunguko mzima.

MWALIMU: Na tukingoja mwezi mzima bila kusogea?

FUNDI: Hapo silinda hedi itolewe. Kichwa cha injini kikiisha kutoka, utaiona kutu kwa macho, uisugue kwa msasa laini ukutani juu ya pistoni, utie dawa tena. Pistoni hugongwa polepole kwa nyundo kupitia kipande cha mti mgumu, si chuma juu ya chuma.

Na hapa wenye 404 wasikilize sana. Silinda za gari hilo hazikuchongwa katika bloku yenyewe. Ni mirija minene ya chuma iliyochomekwa, na maji ya rejeta huizunguka. Silinda hedi ndiyo inayoikandamiza isitoke. Ukiisha kuitoa hedi, kisha ukazungusha krenki, pistoni iliyokwama itauinua mrija wake, na mihuri ya chini itaachia. Baadaye maji yataingia katika oili. Kwa hiyo kabla ya kuzungusha, ibaneni mirija kwa boliti na washa pana. Faida yake ni kwamba mrija ulioliwa hutolewa ukatiwa mwingine pamoja na pistoni yake. Land Rover silinda zake zimo katika bloku. Zikiliwa na kutu hupelekwa karakana zikachongwa kuwa pana zaidi, na pistoni kubwa zaidi hutiwa.

Ikizunguka, usiwashe

MWALIMU: Siku imefika, injini imezunguka. Mwenye gari anacheka, ameshika ufunguo. Je, awashe?

FUNDI: Hapana! Haraka ya siku hiyo imeharibu kazi ya mwezi mzima mara nyingi. Yako mambo 6 ya kufanya kwanza.

1. Fungua kifuniko cha valvu, zungusha krenki kwa mkono mizunguko 2 kamili, uangalie kila valvu inapanda na kushuka. Valvu nazo hushika kutu. Valvu iliyoshikwa ikisukumwa kwa nguvu, fimbo yake hupinda.

2. Mwaga oili yote, maana dawa imeshuka ndani yake na kuifanya nyepesi. Badili filta. Tia oili mpya. Someni maandishi ya kopo: namba kama SAE 20W-50 huonyesha uzito wa oili. Fuateni iliyoandikwa katika kitabu cha gari.

3. Tia kijiko 1 cha oili safi katika kila silinda. Plagi zikiwa bado nje, zungusha kwa stata kwa muda mfupi mfupi. Dawa iliyobaki itaruka nje, na pampu itapandisha oili. Taa ya oili izimike, au mshale wa geji upande. Usipoona hivyo, usiendelee.

4. Mwaga petroli ya zamani. Petroli iliyokaa miaka huwa kama gundi, nayo huziba kabureta. Safisha tangi na mrija.

5. Jaza maji ya rejeta, utazame mipira yote kama imepasuka.

6. Liwashe gari uwanjani, si ndani ya banda. Weka ndoo ya mchanga karibu. Moshi mwingi utatoka kwanza, kwa kuwa dawa inaungua. Ukisikia kugonga, zima mara moja.

Iliyokwama ikikimbia

MWALIMU: Turudi kwenye njia ya pili. Gari limezima barabarani, labda Uhuru au Msimbazi, nalo lina joto kali.

FUNDI: Zima swichi. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa na moto. Maji yanayochemka humuunguza mtu uso na kifua. Wala usimwagie injini maji baridi, chuma kitapasuka. Ngoja ipoe kabisa, hata saa nzima au zaidi.

Ikiisha kupoa, pengine itazunguka tena, maana pistoni imesinyaa. Hapo ndipo watu hudanganyika. Huwasha, huenda zao, na kesho injini hupasuka. Pistoni iliyokaba mara moja imekwisha kukwaruzwa. Ivuteni mpaka kwa fundi, gia ikiwa imetoka, sababu itafutwe.

Injini isiyozunguka hata baada ya kupoa ni ya kufunguliwa. Vifuniko vya beringi vitiwe alama ya namba kabla ya kutolewa, maana kila kimoja hurudi mahali pake. Krenki iliyopata joto kali huwa na rangi ya buluu. Kama haikupasuka wala kupinda, husagwa kwa mashine mpaka iwe laini, kisha hutiwa beringi nene zaidi, kwa mfano za 0.25 au 0.50 ya milimeta. Lakini kwanza tafuteni kilichoiua: pampu, mrija ulioziba, au oili kuvuja. Ukitengeneza krenki ukaiacha sababu, utarudi Gerezani tena kabla ya masika.

MWALIMU: Na mwenye gari asiye fundi afanye nini ili asidanganywe wala asimdhulumu fundi?

FUNDI: Awe na daftari. Aandike tarehe injini ilipokwama na jinsi ilivyokwama. Amwulize fundi mambo 3: Nini kimeshikwa? Umejuaje? Kwa sababu gani kimeshikwa? Fundi mzuri hachukii maswali hayo. Na vipuri vilivyotolewa avitazame na kuvihesabu. Fundi naye asikubali kusema "imekufa" kabla hajatoa plagi.

MWALIMU: Ahsante sana, Bwana Fundi. Wanafunzi, wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Mmesikia kwamba hata chuma kinalijua neno hilo.

Maneno mapya

Silinda: tundu la mviringo ambamo pistoni hupanda na kushuka.
Konrodi: mkono unaounganisha pistoni na krenki.
Krenki: mhimili wenye makombo unaozungushwa na pistoni.
Sampu: karai la chini ya injini linalokaa oili.
Beringi: kitako laini ambamo mhimili huzunguka.

Hesabu

1. Silinda ya Land Rover ina upana wa karibu sentimeta 9. Eneo la kichwa cha pistoni ni 3.14 × 4.5 × 4.5. Tukitaka dawa yenye kina cha sentimeta 1 juu ya pistoni, tutahitaji mililita ngapi kwa silinda 1? Kwa silinda 4 je?

2. Pistoni ya Peugeot 404 husafiri milimeta 73 kupanda na milimeta 73 kushuka katika kila mzunguko wa krenki. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pistoni husafiri mita ngapi kwa sekunde 1?

Majibu: (1) Karibu mililita 64 kwa silinda 1, na karibu 256 kwa silinda 4, yaani kupita kidogo robo ya lita. (2) Mizunguko ni 50 kwa sekunde; 146 × 50 ni milimeta 7,300, yaani mita 7.3. Fikirini basi pistoni ikienda mbio hizo juu ya ukuta usio na oili.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini fundi huuliza kama injini ilikwama ikiwa imelala au ikiwa inakimbia?
2. Tajeni vitu 3 visivyokuwa ndani ya injini ambavyo vyaweza kuizuia isizunguke.
3. Kwa nini haifai kuvuta gari kwa lori likiwa ndani ya gia ili kulegeza kutu?
4. Mwenzako ataka kuuza gari la baba yake kwa kilo. Mwandikie barua fupi ya mistari 6, umweleze mambo ya kutazama kwanza.

Someni barua zenu kwa sauti mbele ya wenzenu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.